Usiku Mmoja wa Rangi Nyeupe: Kisa cha Kuta za 5Pointz, New York

Mwezi Februari 2018 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Brooklyn alimwamuru mwenye jengo awalipe wachoraji 21 wa grafiti, yaani michoro ya kupuliziwa rangi ukutani, dola milioni 6.75 kwa kosa la kupaka rangi nyeupe kuta za jengo lake mwenyewe. Hati ya kiwanja ilikuwa yake. Mpango wake wa kujenga maghorofa mapya jiji lilikuwa limeshaupitisha. Wachoraji nao walikuwa wakijua tangu zamani kwamba ipo siku jengo lile litabomolewa. Mahakama ya rufaa ikaiunga mkono hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza rufaa ya mwisho.

Wengi husimulia mwisho huo peke yake, na ukisimuliwa hivyo unaonekana kama bahati ya mtende. Haikuwa bahati. Wachoraji wale walishinda kwa sababu ya kazi ya usimamizi iliyofanywa kwa miaka kumi na moja kabla ya kesi, na mwenye jengo alishindwa kwa sababu ya usiku mmoja ambao hakuuhitaji.

Kiwanda cha mita za maji

Jengo lilikuwa Long Island City, huko Queens, jijini New York, ng'ambo ya barabara ya Jackson Avenue ukitokea jumba la sanaa la MoMA PS1. Lilijengwa mwaka 1892 likiwa kiwanda cha kampuni ya Neptune Meter, watengenezaji wa mita za maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likanunuliwa na Jerry Wolkoff, mwekezaji wa majengo. Wakati huo eneo lile lilikuwa la maghala na viwanda vilivyokwisha nguvu, wala hakuna aliyekuwa akiligombania. Wolkoff akapangisha vyumba vya ndani kwa bei ya chini, na baada ya muda vingi vikawa studio za wasanii.

Kuta za nje zilianza habari yake mwaka 1993. Pat DiLillo, ambaye alikuwa akipambana na grafiti ya ovyo kwenye milango ya maduka na kuta za watu, aliona ni heri vijana wapewe mahali halali pa kuchora. Wolkoff akakubali, na mahali pale pakaitwa Phun Phactory.

Mwaka 2002 usimamizi ukashikwa na Jonathan Cohen, anayefahamika zaidi kwa jina lake la ukutani, Meres One. Yeye ndiye aliyepabatiza 5Pointz, kwa heshima ya sehemu kuu tano zinazounda jiji la New York. Ruhusa aliyopewa na Wolkoff ilikuwa ya mdomo. Hapakuwa na mkataba wa kodi ya kuta wala karatasi yoyote iliyosema michoro ni ya nani na itakaa hadi lini. Alichosisitiza Wolkoff ni kwamba pasichorwe mambo ya ngono, dini wala siasa.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo wachoraji walipoishinda kesi yao.

Meres aliziendesha zile kuta kama mhariri anavyoendesha gazeti. Mtu hakuja na begi lake la makopo ya rangi akaanza kupuliza. Mgeni alionyesha kwanza kazi zake za nyuma, na asiyejulikana alitakiwa kuleta mchoro kwenye karatasi. Meres ndiye aliyeamua apewe ukuta upi na kazi yake idumu kwa muda gani. Kulikuwa na kuta za kupokezana, ambazo michoro yake ilibadilishwa mara kwa mara, na kulikuwa na kuta za kudumu, walizopewa mabingwa, hasa zile zilizoonekana vizuri kutoka kwenye treni. Kufunika kazi ya mwenzako bila idhini kulikuwa kosa.

Kwa hiyo uchoraji wenyewe ulikuwa tofauti kabisa na ule wa kuvizia usiku. Mchoraji alifika mchana na ngazi yake. Alipaka kwanza rangi ya msingi kwa rola ili tofali linyonye na uso wa ukuta ulingane, akapiga mistari ya mwongozo, ndipo akaanza kujaza kwa makopo. Anayeifahamu kazi hii anajua kwamba siri kubwa iko kwenye kofia ya kopo: kofia nyembamba hutoa mstari mkali wa kope au ncha ya herufi, na kofia pana hujaza eneo kubwa kwa pumzi moja. Ukikaribisha kopo ukutani unapata ukingo safi, na ukilirudisha nyuma rangi inatawanyika na kufanya kivuli laini. Uso wa mtu wenye urefu wa ghorofa mbili hauwezi kupatikana kwa dakika kumi huku unachungulia polisi. Unahitaji siku nzima au zaidi, na utulivu wa akili. Ruhusa ndiyo iliyowapa utulivu huo, na ubora wa michoro ukapanda kwa sababu hiyo.

Treni namba 7 hupita juu ya nguzo sambamba na pale, ikikata kona, hivyo abiria waliliona jengo zima likigeuka mbele ya macho yao. Habari zikaenea. Wakaja wachoraji kutoka nchi nyingi, watalii, maharusi wa kupiga picha, wanafunzi na walimu wao, watu wa filamu na wa video za muziki. Kumbukumbu za mahakama zinataja kazi zipatazo 10,650 zilizochorwa pale kwa jumla, na zinaeleza pia kwamba uhalifu katika eneo lile ulipungua.

Mwaka 2009 ngazi ya nje ya jengo iliporomoka na kumjeruhi vibaya mtu, na jiji likafunga studio za ndani. Kuta za nje ziliendelea.

Maghorofa yanakuja

Mafanikio yale yalikuwa na upande wa pili. Long Island City iko kituo kimoja cha treni tu kutoka Manhattan, na kufikia miaka ya 2010 bei za viwanja zilikuwa zimepaa. Wolkoff akapeleka mpango wa kubomoa jengo na kusimamisha minara miwili yenye takriban nyumba 1,000 za kupangisha. Ili ajenge kwa ukubwa huo alihitaji kibali maalumu. Tume ya mipango miji ilipitisha Agosti 2013, na baraza la jiji likapitisha Oktoba, likiwa limemtaka aongeze nyumba za bei nafuu na atenge nafasi kwa wasanii.

Meres na wenzake walijaribu kila mlango. Waliomba jengo litangazwe kuwa turathi ya jiji, wakakataliwa kwa sababu michoro ilikuwa ya juzi tu. Wakafikiria kuchangisha fedha walinunue, lakini kibali kipya kiliipandisha thamani ya mahali pale kutoka dola milioni 40 hadi milioni 200. Kwa wachoraji wa makopo, mlango huo ulikuwa umefungwa. Ukabaki wa mahakama.

Sheria waliyoishika ilikuwa ya mwaka 1990, inayojulikana kwa kifupi VARA (Visual Artists Rights Act, yaani sheria ya haki za wasanii wa kazi za kuonwa). Ilitungwa mwaka mmoja baada ya Marekani kujiunga na Mkataba wa Berne, ambao unazitaka nchi wanachama ziheshimu haki za kimaadili za mtunzi, yaani zile zinazobaki kwake hata akishauza kazi. VARA inampa msanii wa kazi za kuonwa haki ya kuzuia kazi yake isiharibiwe, ikiwa ni kazi yenye hadhi inayotambuliwa. Kwa kazi zilizo kwenye majengo kuna kanuni ya ziada. Kama kazi inaweza kubanduliwa bila kuharibika, mwenye jengo anatakiwa ampe msanii notisi ya maandishi ya siku 90 ili aje aichukue au aigharimie. Kama haibanduki, ulinzi unabaki, isipokuwa msanii ametia saini kukubali kwamba inaweza kuharibika.

Wolkoff hakuwa na saini ya mchoraji hata mmoja. Hakutoa notisi.

Siku zile saba

Kesi ilifunguliwa Oktoba 2013 mbele ya Jaji Frederic Block. Alitoa zuio la muda mfupi, akasikiliza pande zote mbili, kisha tarehe 12 Novemba akakataa kutoa zuio la kudumu mpaka kesi iishe. Uamuzi huo ulikuwa mfupi. Alisema sababu zake kamili zitafuata kwa maandishi.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba, kabla sababu hizo hazijatoka, Wolkoff alileta watu wenye rola na ndoo za rangi nyeupe. Asubuhi abiria wa treni namba 7 walikuta kuta zimepakwa nyeupe. Kesho yake, tarehe 20, jaji akatoa maandishi yake, na ndani yake mlikuwa na onyo: hata kama zuio limekataliwa, wadaiwa wanajiweka katika hatari ya kulipa fidia kubwa iwapo kesi itaonyesha kwamba kazi zile zilikuwa na hadhi inayotambuliwa. Onyo lilifika ukutani pameshapakwa.

Kuna jambo moja katika hukumu ya baadaye ambalo naona linasema mengi. Jaji aliandika kwamba rangi yenyewe ilikuwa ya bei rahisi na nyepesi, kiasi kwamba michoro ilikuwa ikionekana chini yake. Wafanyakazi walipitisha rola juu ya nyuso na herufi bila kuzifuta sawasawa. Jengo lilisimama hivyo kwa miezi kadhaa, na wachoraji walipopita walikuwa wakiziona kazi zao zikiwa zimefunikwa nusu nusu. Kilichoharibiwa hakikurekebishika, na hakikuondoka machoni pia.

Na haraka ile ilikuwa ya nini? Wolkoff hakuomba kibali cha kubomoa mpaka miezi minne baada ya kupaka rangi. Ubomoaji ulianza mwaka 2014. Kuta zile zingeweza kukaa na michoro yake muda wote huo bila kumgharimu senti wala kumchelewesha siku moja.

Mahakamani

Kesi ilisikilizwa kwa wiki tatu, Oktoba na Novemba 2017. Mbele ya mahakama kulikuwa na kazi 49. Juri ya wananchi, ambayo maoni yake yalikuwa ya ushauri, iliona kwamba mdaiwa alivunja sheria katika kazi 36. Block akazipitia mwenyewe moja baada ya nyingine, akaona 45 zina hadhi inayotakiwa, na nne hazikufika.

Hadhi hiyo ilithibitishwaje? Hapa ndipo utaratibu wa Meres ulipolipa. Wachoraji walileta majalada: picha za kila kazi, wasifu wa mchoraji, habari za magazeti, mialiko, maonyesho na maoni ya mtaalamu wa sanaa. Mahakama iliuchukulia uamuzi wa Meres kumpa mtu ukuta wa kudumu kuwa ushahidi wenyewe, kwa kuwa ulikuwa uchujaji wa mtu anayeijua kazi. Kama 5Pointz ingekuwa ukuta wa kila mwenye kopo, sioni jinsi ambavyo wangeweza kuonyesha kwamba mchoro huu ni bora kuliko ule.

Utetezi ulikuwa na hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba grafiti kwa asili yake ni ya kupita, wachoraji walifunikana wenyewe, na walijua jengo litaanguka, basi iweje walie? Mahakama ilijibu kwamba sheria haijatofautisha kazi ya muda na kazi ya milele. Mahakama ya rufaa ikaongeza mfano wa milango ya kitambaa cha rangi ya zafarani ambayo Christo na Jeanne-Claude waliisimamisha katika bustani ya Central Park mwaka 2005 kwa majuma mawili tu, na dunia nzima ikaitambua. Kudumu siku chache hakuifanyi kazi isiwe na hadhi. Nakubaliana na jibu hilo bila kusita. Mchoraji anayekubali kufunikwa na mchoraji mwenzake, kwa utaratibu ambao wote wanaujua, hajakubali kufunikwa na yeyote kwa namna yoyote.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi. Wolkoff alitoa kuta zake bure kwa miaka ishirini. Hakudai kodi. Alipenda kusema kwamba anawapenda wachoraji, na sina sababu ya kudhani alikuwa anadanganya. Je, mtu mkarimu alipwe kwa kushtakiwa? Mwenye nyumba anayesoma kisa hiki anaweza kukata shauri kwamba ni salama zaidi kuacha ukuta mtupu. Hilo ni tatizo la kweli, na wanaoshangilia hukumu hii huliruka.

Ila hukumu yenyewe inalijibu vizuri kuliko watetezi wake. Block hakumwadhibu Wolkoff kwa kubomoa. Aliandika wazi kwamba kama angengoja mpaka apate vibali vyake na kubomoa miezi kumi baadaye, mahakama isingesema alitenda kwa makusudi mabaya. Muda huo ungewapa wachoraji nafasi ya kuja kupiga picha, kuokoa michoro iliyokuwa kwenye mbao na vipande vingine vilivyoweza kubanduliwa, na umma ungeaga. Wolkoff alieleza kizimbani kwamba alipaka usiku ili kuwapunguzia maumivu ya kuona jengo likiporomoshwa kipande kwa kipande. Jaji hakumwamini. Na alipoulizwa, Wolkoff alisema angefanya vilevile tena.

Ukarimu wa miaka ishirini haukumpa ruhusa ya kuikimbia mahakama iliyokuwa bado inaandika. Hivyo ndivyo ninavyoisoma kesi hii, na sidhani kuna mwenye nyumba muungwana anayepaswa kuiogopa.

Fedha zilivyohesabiwa

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba wachoraji walishindwa kuthibitisha hasara ya fedha. Mchoro ulioshikana na ukuta wa mtu hauuzwi, kwa hiyo mahakama haikuona bei ya sokoni ya kutegemea. Kwa hesabu ya hasara halisi wangetoka mikono mitupu. Walichopata ni fidia iliyopangwa na sheria yenyewe. Kwa kawaida kiwango huanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, na mharibifu akifanya makusudi, jaji anaweza kupanda hadi 150,000. Block alipanda mpaka mwisho: kazi 45 mara dola 150,000, ndizo 6,750,000. Tofauti kati ya kiwango cha kawaida na kile cha juu kabisa ndiyo bei ya usiku ule.

Mahakama ya rufaa iliafiki yote tarehe 20 Februari 2020. Wolkoff akafariki Julai mwaka huo. Oktoba, Mahakama ya Juu ikakataa kuipokea rufaa. Minara ilikuwa imeshasimama mahali palepale.

Wachoraji hawakurudishiwa ukuta, wala sheria isingeweza kuwarudishia. Fedha nazo hazikugawanywa sawa, kwa kuwa kila mmoja alilipwa kwa idadi ya kazi zake zilizotambuliwa. Lakini kwa mara ya kwanza mahakama ya Marekani ilikuwa imekubali, baada ya kesi kamili, kwamba grafiti iliyopulizwa kwenye tofali la kiwanda inaweza kubeba hadhi ileile ya sanamu ya shaba.

Ingekuwa Dar es Salaam au Nairobi

Tanzania na Kenya nazo zinaitambua haki ya kimaadili ya mtunzi, Tanzania katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na Kenya katika ile ya 2001. Zote mbili zinamruhusu msanii kupinga kazi yake isipotoshwe, isikatwekatwe wala kubadilishwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kuiharibu moja kwa moja hazikukutaja kwa jina, na notisi ya siku 90 hazina. Wakili mzuri anaweza kubisha kwamba kuangamiza ni upotoshaji uliopita kiasi. Wakili wa upande wa pili atajibu kwamba kazi isiyokuwepo tena haiwezi kumfedhehesha mtu. Kwa maandishi ya sheria yalivyo, mchoraji wa kwetu aliyepakiwa rangi usiku angekuwa na safari ndefu kuliko Meres.

Kwa hiyo ulinzi wake wa karibu ni karatasi. Sheria ile ya Marekani inaruhusu msanii kuiacha haki yake kwa saini, na baada ya kesi hii wanasheria wengi wa huko huwashauri wenye majengo wachukue saini hiyo kabla kopo la kwanza halijafunguliwa. Wapo wasanii wanaoona huu ni ujanja wa kuwanyang'anya kile walichoshinda. Mimi siuoni hivyo, mradi msanii asisaini bure. Aandike kwamba ukuta utakaa na mchoro angalau muda fulani, kwamba ataarifiwa kwa maandishi miezi mitatu kabla ya kufutwa, kwamba ataruhusiwa kuingia kupiga picha na kubandua kinachobanduka, na jina lake litajwe kila picha ya ukuta inapotumika kibiashara. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, wenye tarehe na saini mbili. Wolkoff angekuwa na ukurasa wa aina hiyo mwaka 2002, angebomoa jengo lake bila kulipa hata dola moja, na wachoraji wangepata siku zao tisini.